Semina Zilipokoma Morogoro: Biashara Yangu ya Chakula Ilivyoanguka na Niliyojifunza

Mwezi uliopita binti mmoja wa hapa Kihonda alikuja nyumbani na karatasi za benki mkononi. Amepata kazi ya kulisha semina za taasisi mbili za serikali, na anataka kukopa anunue masufuria makubwa, viti mia mbili na kirikuu cha kubebea chakula. Alitaka nimwambie kama mkopo ule utamtoa. Nilimpa chai, nikamwomba anisikilize kwanza, tukakaa mpaka giza likaingia. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo siku ile sikuyamaliza.

Nilianza kupika mwaka 2006, kibanda cha mabati karibu na Msamvu. Wali maharage, ugali dagaa, chai ya maziwa asubuhi. Wateja wangu walikuwa makondakta, wapiga debe na abiria waliochelewa basi. Mwaka 2009 ofisa mmoja aliyezoea kula kwangu aliniuliza kama naweza kuandaa chai na chakula cha mchana cha watu arobaini kwa siku tatu. Nikasema naweza. Sahani arobaini sikuwa nazo, niliazima kwa jirani na kanisani. Zile siku tatu zikazaa wiki, wiki zikazaa miaka.

Kama huijui Morogoro ya wakati ule, nikueleze kidogo. Mji wetu uko kilomita kama 190 kutoka Dar es Salaam, na Dodoma ni kilomita 260 hivi upande wa pili. Wizara ikitaka kukusanya watu wa kanda kadhaa, hapa ni katikati. Tena mtumishi akilala nje ya kituo chake cha kazi anastahili posho ya kujikimu, kwa hiyo kikao ambacho kingefanyika ukumbi wa ofisini Dar kililetwa kwetu siku tano. Nyumba za wageni ziliota kama uyoga. Kila mwenye kiwanja kikubwa alifikiria kujenga ukumbi.

Kufikia 2014 nilikuwa na watu kumi na wanne, tisa wa mwezi na watano wa kuitwa kazi ikizidi. Bei yangu ilikuwa shilingi 18,000 kwa mtu kwa siku: saa nne supu au chai, chapati na mayai, mchana pilau au wali, ndizi, kuku, samaki, mboga, matunda na maji, saa kumi kahawa na vitafunwa. Semina ya watu sitini kwa siku tano ni shilingi 5,400,000. Zikija mbili kwa mwezi, mtu aliyetoka kwenye kibanda cha mabati anajiona amefika.

Na sikuwa peke yangu kwenye ulaji huo. Kulikuwa na mama wa mayai wa Mazimbu, aliyeniletea trei kumi na mbili kila Jumapili jioni. Kulikuwa na mzee wa Mgeta aliyeshuka na karoti, kabichi na njegere Jumatatu na Alhamisi. Dada wa kufua vitambaa vya meza. Kijana wa bodaboda wa kukimbizia vitu vilivyosahaulika. Jirani yangu mwenye duka la uchapaji, aliyetengeneza makabrasha na beji za washiriki, na Desemba alichapa kalenda na kadi za salamu za ofisi. Ukituuliza kila mmoja wetu, tungesema tuna wateja tofauti. Kumbe wote tulikuwa tunachota kwenye sufuria moja, na mwenye mwiko alikuwa mmoja.

Tarehe 20 Novemba 2015, Rais Magufuli alipofungua Bunge Dodoma, redio ilikuwa juu ya friji jikoni kwangu. Alizungumzia safari za nje, semina, na hela za umma zinavyoliwa. Nilipiga makofi, na watu wangu wakapiga makofi. Tuliposikia kwamba sehemu kubwa ya fedha za hafla ya wabunge imeelekezwa kwenye vitanda vya Muhimbili, machozi yalinitoka, maana mama yangu mzazi aliwahi kulazwa wawili kitanda kimoja. Sisemi haya kujionyesha. Nataka msomaji ajue kwamba nilikubaliana na jambo hili kabla halijafika mlangoni kwangu, na mpaka leo sehemu yake kubwa nakubaliana nayo. Mimi ndiye niliyeona washiriki wakisaini karatasi ya mahudhurio saa tatu na kuondoka saa tano. Mimi ndiye niliyerudi na pilau la watu ishirini ambalo halikuguswa, nikaligawa mtaani.

Haikupita wiki mbili, simu ikapigwa. "Mama, ile ya tarehe saba Desemba imesitishwa. Tumeletewa maelekezo." Kuku sabini walikuwa tayari kwenye friji. Jirani yangu wa uchapaji naye alikuwa amenunua karatasi ngumu za kadi, serikali ikapiga marufuku ofisi zake kuchapa kadi za Krismasi na mwaka mpya kwa fedha za umma. Sherehe za Uhuru tarehe 9 Desemba zikafutwa, nchi nzima ikafanya usafi, na hela yake ikaenda kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco kule Dar. Siku hiyo nami nilitoka na fagio na wafanyakazi wangu wote tukafagia mtaro wa mbele ya jiko. Nilikuwa bado sijaogopa.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza. Nilisema, kama walivyosema wengi, kwamba hii ni nguvu ya soda. Kila serikali mpya huanza kwa kishindo, ifike Machi mambo yatarudi. Januari ikapita, Februari ikapita, na mimi ninalipa mishahara tisa, pango la stoo, umeme na michango ya NSSF, karibu shilingi milioni mbili kila mwezi, kwa jiko lililowashwa siku tatu kwa mwezi. Akiba ya miaka sita ilikwisha Mei.

Ukiona kitu cha namna hii kinaanza, usiulize kitaisha lini. Uliza una miezi mingapi ya kuishi kikiendelea hivihivi, andika tarehe hiyo ukutani, na amua mapema utakachofanya ikifika. Mimi sikuwa na tarehe. Nilikuwa na matumaini tu, na matumaini yale nililipia kwa fedha ya ada za watoto wangu.

Kosa la pili ni mkopo. Nilikuwa tayari na deni la kirikuu. Juni 2016 nikachukua shilingi milioni 12 nyingine kwa hati ya kiwanja, ili "nivuke". Ofisa mikopo aliniuliza mapato yangu yanatoka wapi, nikamtajia ofisi saba. Alifurahi, nami nilifurahi, kwamba nina wateja saba. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba zile saba zinasubiri hela kutoka Hazina moja. Huyo alikuwa mteja mmoja mwenye majina saba. Ukihesabu wateja wako, acha kuhesabu mabango ya milangoni. Fuatilia hela mpaka inakotoka.

Nilijitetea kwa kusema kwamba nadai. Na kweli nilikuwa nadai. Ofisi nne zilikuwa na shilingi 31,460,000 zangu, nyingine za chakula kilicholiwa tangu 2014. Nilizunguka. Wahasibu walinipokea vizuri, wengi tulikuwa tunafahamiana, na majibu yao niliyajua kwa moyo: "Mama, kasma haina hela." "Fedha hazijashuka." "Bosi anakaimu, hawezi kusaini." Baadaye likaja neno jipya: madeni yote yatafanyiwa uhakiki kwanza.

Siku ya uhakiki niliingia na bati la biskuti. Ndimo nilimokuwa natunza karatasi zangu, juu ya kabati la jikoni, na nyingi zilikuwa na madoa ya mafuta. Kijana aliyekaa mezani aliniamkia kwa heshima, akaanza kuzipanga mafungu mawili. Fungu la kulia ankara, LPO (ile hati ya ofisi ya kuagiza huduma) na hati ya kupokelea, vimebanwa pamoja. Fungu la kushoto ankara peke yake, au ankara na kikaratasi. Nilikuwa naangalia vidole vyake. Fungu la kushoto lilikuwa linanenepa. Akachukua moja ya siku nne, watu themanini, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mama, LPO ya hii iko wapi?"

Nikamweleza kwamba nilipigiwa simu jioni, kesho yake asubuhi semina. Niliambiwa, "Mama lete tu, karatasi zitafuata." Watu walikula, na picha ninazo.

"Naamini walikula," akasema. "Lakini hapa siwezi kuandika kwamba naamini."

Aliyenipigia simu alikuwa amehamishwa mkoa mwingine. Nilipompata akaniambia, "Mama yangu, mimi pale sipo tena." Shilingi 14,360,000 zilikataliwa siku ile. Zilizobaki, 17,100,000, zililipwa kidogokidogo kwa muda wa miaka miwili. Wakati huo deni la benki lilikuwa limeshakula kirikuu.

Kwa muda mrefu nilimchukia yule kijana. Sasa nadhani alifanya kazi yake, na aliyefanya kosa la karatasi ni mimi. Lakini kuna jambo sitalikubali kamwe. Serikali kubana matumizi ni haki yake, tena mara nyingine ni wajibu wake. Kukaa na hela ya chakula kilichokwisha kuliwa ni jambo lingine kabisa. Ofisi ikisema imeokoa fedha wakati haijamlipa muuza mayai, fedha hiyo imekopwa kwa muuza mayai bila riba na bila kumwuliza. Mama wa Mazimbu nilikuwa namdai subira kwa sababu nami nadaiwa subira. Mwisho alishindwa kununua pumba, akauza kuku wake wa mayai wote mia tatu kwa bei ya nyama, wakiwa bado wanataga. Katika hesabu za kubana matumizi, kuku wale hawakuandikwa popote.

Kodi nayo ina funzo lake. Nilikuwa nimesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ofisi zilitaka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndipo malipo yaanze kuandaliwa, nami nikatoa. Risiti ikishatoka, asilimia 18 inahesabiwa kwako na tarehe 20 ya mwezi unaofuata inakusubiri, hela iwe imeingia au haijaingia. Nililipia kodi ya chakula ambacho sikulipwa, na nilipochelewa nikaongezewa adhabu na riba. Kosa ni kwamba nilijificha. Nilipoenda TRA hatimaye, nikitetemeka, niliruhusiwa kulipa kwa awamu. Huko huko ndiko nilikojua kwamba makadirio ya kodi ya mapato ya mwaka yanaweza kurekebishwa mauzo yakishuka. Nilikuwa nimelipa robo tatu nzima kwa makadirio ya mwaka wa neema! Nenda mapema, nenda na vitabu vyako, na uombe kwa maandishi.

Ninaloona aibu kulisimulia ni la wafanyakazi.

Agosti 2016, Ijumaa usiku, niliwaita stoo nikawaambia kazi imekwisha. Hakukuwa na barua wala mazungumzo ya kabla. Nilikuwa nimeficha hali halisi miezi tisa kwa kuwaonea huruma, hivyo nilidhani. Walinyamaza. Kisha yule dada wa kuosha vyombo, aliyekuwa nami tangu zile sahani za kuazima, akajifuta mikono kwenye kanga akaniuliza, "Bosi, kwa hiyo kesho nije saa ngapi?" Mtoto wake alikuwa kidato cha tatu. Ilibidi nirudie sentensi ileile nikimwangalia yeye peke yake, na hapo ndipo alipoelewa. Sikulala usiku ule.

Wawili walinipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na walikuwa na haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka ukipunguza watu uwape taarifa ya nia yako, uwaeleze sababu, mshauriane nani apungue na kwa vigezo gani. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku zisizopungua 28. Aliyekaa mwaka na zaidi anastahili kiinua mgongo, angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka kumi. Kwa dada wa vyombo hiyo ilikuwa miaka saba, siku 49. Sikuwa nimetenga hata senti. Tulisuluhishana, nikauza friji mbili na seti ya masinia ya stili nikawalipa wote tisa, wakiwemo wasiolalamika.

Kama ningewaambia Januari! Wangejua kwamba mama anayumba, wangeanza kutafuta, wangeacha kukopa madukani kwa kutegemea mshahara wangu. Mmoja alikuwa amechukua mkopo VICOBA wiki moja kabla. Ukimya wangu ulimgharimu kuliko kufukuzwa kwenyewe.

Mwaka 2017 ndio watu walianza kusema vyuma vimekaza. Kumbi za mji huu zilikaa tupu, nyingine zikageuzwa hosteli za wanafunzi, nyingine kanisa. Lakini polepole niliona kitu ambacho nikilia sikukiona: hela ya serikali ilikuwa imehama. Julai 2016 ilitangazwa kwamba serikali yote inahamia Dodoma, na wawili kati ya watu wangu walikwenda kule wakapata kazi za jikoni ndani ya mwezi. Aprili 2017 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Dar hadi Morogoro. Vibarua wakaanza kuonekana na makoti ya kung'aa, wanakula mihogo barabarani.

Nilirudi nilikoanzia. Wali maharage na mboga, sahani shilingi 2,500, kwa gengi moja la vibarua, msimamizi wao analipa kila Jumamosi. Faida ilikuwa ndogo kuliko ile ya semina, tena kwa mbali, na kuamka saa tisa usiku nikiwa na miaka 47 si mchezo. Ila Jumamosi hela ipo mkononi. Nilimwita dada wa vyombo, akaja. Hakuninunia, jambo ambalo mpaka leo linanishangaza.

Tangu hapo nina taratibu ambazo sivunji kwa sura ya mtu. Moto hauwashwi bila LPO, hata kama anayeomba namfahamu kwa miaka ishirini. Karatasi zina nakala mbili, moja haikai jikoni. Anayelipa kutoka mfuko mmoja, awe na majina mangapi, hapewi zaidi ya theluthi ya kazi zangu. Ofisi ikifikisha siku tisini bila kulipa, huduma inasimama hapo mpaka deni la nyuma lipungue. Kamati za harusi nazipenda kwa sababu hutoa nusu kabla, na misiba naipikia kwa bei ya chini kwa sababu hapa mjini ndipo jina la mtu linapojengwa. Benki nimeweka marejesho ya miezi mitatu pembeni, na ninayahesabu kama hela ya mtu mwingine. Bei ya kazi ya serikali naiweka juu kidogo, kwa sababu subira nayo ni gharama, na nawaambia wazi.

Zamani nilidhani haya ni ya serikali yetu tu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku tisini, mafunzo ya miradi ya afya yalikatika ghafla, na rafiki yangu wa Dodoma aliyekuwa akipikia miradi hiyo tu alinipigia simu analia. Aliyeamua alikuwa Washington, na sufuria lililozimwa lilikuwa Area C. Kwangu ilikatika kazi moja. Niliumia, lakini Jumatatu tulipika kama kawaida.

Binti wa Kihonda alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Akauliza, "Kwa hiyo mama, unaniambia niikatae?" Nikamwambia aichukue. Semina zimerudi, kumbi zimejaa tena, na hela ile ni halali yake kama atapika vizuri. Ila mkopo akate nusu, kirikuu akodi kwanza, viti aazime.

Juzi alinipigia saa moja asubuhi. Kuna ofisa amemwambia apeleke chai ya watu themanini saa nne, karatasi zitafuata. Nikamuuliza amemjibu nini.

Akasema ameshakatakata vitunguu, amekaa kwenye kigoda anasubiri, na moto bado hajauwasha.